Nilivyomzungusha Mama visiwa vya Uskoti, feri baada ya feri

Ukitaka kuzunguka visiwa vya magharibi mwa Uskoti kwa gari, usianze na hoteli. Anza na feri. Nimeishi Glasgow muda wa kutosha kuona watu wakikodi nyumba nzuri kisiwani Mull kwa mwezi wa Julai, halafu wakakuta nafasi za magari kwenye feri zilishajaa zamani. Kwa hiyo mamangu alipopata viza ya kuja kunitembelea kutoka Mombasa, nilitandaza ramani mezani nikaanza na maji.

Mama anaipenda bahari, ila magoti yake hayataki ngazi. Sikutaka kumpeleka kisiwani na kumrudisha bandari ileile, foleni kwenda na foleni kurudi. Nikachora njia moja inayopanda kaskazini bila kurudi nyuma: kisiwa cha Arran, rasi ya Kintyre, mji wa Oban, Mull na Iona, rasi ya Ardnamurchan, Mallaig, na mwisho Skye, ambako kuna daraja la kutokea. Feri zote za njia hiyo ni za kampuni ya umma, CalMac kama wenyeji wanavyoiita, na nauli zake hupangwa kwa kulinganisha na gharama ya kuendesha gari umbali uleule nchi kavu. Nauli basi haina shida sana. Kazi ipo kwenye kupata nafasi ya gari.

Feri kubwa, yaani ya kwenda Brodick kule Arran, ya Oban kwenda Craignure kule Mull, na ile ya Mallaig kwenda Armadale kule Skye, nilizikatia tiketi miezi kabla. Zile ndogo, kama ya Lochranza kule Arran kwenda Claonaig upande wa Kintyre, au ya Tobermory kule Mull kwenda Kilchoan upande wa Ardnamurchan, nilizoea kuona watu wanafika tu, wanapanga foleni, wanapanda. Hizo sikuzigusa. Na ndizo zilizonipa uhuru, maana tukichelewa moja tungengoja inayofuata, hatukuwa na tiketi ya kutuungulia mfukoni.

Jingine la kufanya ukiwa na mzazi: ukifika bandarini mwambie mapema anayepanga magari kwamba una mtu asiyeweza ngazi. Atakuweka karibu na lifti. Mimi nilisema hivyo kwa feri ya Arran, na Mama akapanda juu kama bibi harusi. Alipoona mkahawa, viti vya kitambaa na madirisha mapana, aliguna. "Na sisi Likoni tunavyosimama tumebanana na mikokoteni," akasema, kisha akaagiza chai ya pili.

Arran tulikatiza kwa barabara ya pwani, mlima Goat Fell (mita 874) ukijificha na kujitokeza mawinguni, sili wamejilaza kwenye mawe karibu na barabara. Lochranza kuna magofu ya ngome pembeni mwa maji na kulungu wanaozurura kijijini kama mbuzi wa Mji wa Kale. Kutoka hapo ni nusu saa hivi mpaka Claonaig, ambako utakuta gati la saruji na kibanda cha kusubiria, basi. Usiende na njaa ukitegemea duka.

Tulilala Tarbert, pale Kintyre inaposhikana na bara kwa kishingo chembamba cha ardhi. Nilimsimulia Mama kisa cha Magnus, mfalme wa Norwei. Inasimuliwa kwamba mwaka 1098 walikubaliana na mfalme wa Waskoti kuwa kila kisiwa ambacho jahazi linaweza kukizunguka kitakuwa chake. Magnus akaketi kwenye usukani wa jahazi lake, akaamuru watu walivute juu ya nchi kavu kutoka ufuo mmoja hadi wa pili, halafu akatangaza Kintyre nzima ni kisiwa. Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe wanyakuzi wa ardhi hawakuanzia kwetu!"

Mull ndipo dereva anapopimwa. Kutoka Craignure hadi Fionnphort ni kilomita zipatazo 60, na karibu zote ni barabara ya gari moja. Kuendesha kushoto si tatizo kwa mtu wa Kenya au Tanzania, ila hapa hakuna kushoto, kuna katikati. Kila baada ya kipande kuna kijisehemu cha kupishana chenye kibao. Kikiwa upande wako wa kushoto unaingia. Kikiwa kulia husogei huko, unasimama mkabala nacho ili mwenzako aingie yeye. Nyuma yako pakiwa na mwenyeji mwenye haraka zake, unaingia kumpisha pia. Kisha unainua mkono kushukuru. Mama ndiye aliyechukua kazi ya kupunga mkono, tena kwa bidii, mpaka madereva wa lori wakawa wanatabasamu. Kondoo nao wanalala barabarani na honi haiwashtui. Kwa mwendo huo, saa moja na nusu si nyingi.

Fionnphort gari linabaki, kwa sababu wageni hawaruhusiwi kuvuka na magari kwenda Iona. Ni dakika 10 tu za maji, lakini nilikuwa nimezihofia kuliko zote. Mlango wa feri ni bamba la chuma linaloteremshwa juu ya saruji yenye mwani, na mawimbi yanapita chini yake yakirusha maji kwenye viatu. Baharia mmoja kijana alisogea akamnyooshea Mama mkono. Mama akautazama mkono, akamtazama na mwenyewe, kisha akashika koti la kijana huyo kwenye kiwiko. Wakavuka hivyo, yeye na koti la watu, bila neno.

Iona ndiko alikofikia mtawa Columba kutoka Ireland mwaka 563 na kujenga monasteri, na kutoka hapo Ukristo ukaenea sehemu kubwa ya Uskoti. Kutoka gatini hadi kanisani ni mwendo wa kama robo saa kwa mtu mzima wa afya. Sisi tulikwenda taratibu, tukipumzika kila penye ukuta wa kukalia. Mama hakutaka kuingia ndani. Alikaa nje, upepo ukimpigapiga mtandio, akasema mtu aliyechagua mahali hapa pa kumwabudu Mungu alijua anachofanya.

Kuhusu swala, safari ya Juni inataka kujipanga. Jua linazama saa nne usiku na ushei, na giza halikamiliki, kwa hiyo wakati wa Isha ni wa makadirio. Nilichapisha ratiba ya msikiti mmoja wa Glasgow kabla hatujaondoka, na kibla ni kusini-mashariki. Mama aliikubali ratiba ila jua hakulikubali. Saa tano usiku alifungua pazia, akalitazama anga jeupe: "Jua hili halina kwao?"

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa pwani yote ni samaki, kamba na kome. Nyumba za kukodi zenye jiko ndizo nilizochagua, na viungo tulibeba vyetu, pamoja na mchele na kopo la nazi. Kwenye samaki na chipsi tu ndipo pa kuangalia: huku maduka mengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa Bismillahi. Uliza kabla ya kuagiza. Hawachukii, wamezoea kuulizwa na wasiokula nyama.

Usubi nao. Watalii wanawaogopa kuliko mvua, na wana haki. Hutoka alfajiri na jioni pakitulia, hasa karibu na majani yenye unyevu. Upepo ukivuma kidogo hawana nguvu. Hawaleti malaria, lakini wanajua kumkosesha mtu raha. Vijijini wanauza vyandarua vya kichwa. Nilimnunulia Mama kimoja, akakivaa juu ya mtandio, akajitazama kwenye kioo cha gari akasema amekuwa mfuga nyuki.

Siku ya kutoka Mull upepo ulikuja kweli, na asubuhi Tobermory tulikuta feri ya Kilchoan haitoki. Hapa ndipo inafaa kujua ramani kwa moyo. Mlango wa bahari kati ya Mull na bara ni mwembamba zaidi na umekingika upande wa Fishnish, na feri ya huko kwenda Lochaline, upande wa bara, mara nyingi huendelea hata nyingine zikisimama. Tukarudi kusini, tukapanga foleni, tukavuka kwa robo saa hivi. Bei yake ni barabara ndefu kupitia Strontian na Salen kuingia Ardnamurchan, nyembamba, imejaa kona na mialoni yenye kuvu na kuvumwani. Mimi naiona nzuri kuliko Mull. Mama alilala.

Mwishoni mwa rasi kuna mnara wa taa wa mwaka 1849, mita 36, umejengwa kwa mawe ya matale yaliyoletwa kutoka Mull. Vibao vinakuambia umefika ncha ya magharibi kabisa ya bara la Uingereza. Kwa kweli kuna ncha nyingine jirani, Corrachadh Mòr, inayoipita kidogo, lakini haina mnara wala mahali pa kuegesha gari, kwa hiyo haina mteja. Mbele kidogo kuna ufuo wa Sanna, mchanga mweupe na maji ya kijani. Mama alivua viatu, akatia kidole kimoja majini, akavaa viatu.

Skye tulivuka kutoka Mallaig kwa tiketi yetu ya mapema, na sitaisifu sana. Milima yake ni mikali na ya kupendeza, lakini magari ni mengi kuliko barabara, na penye mandhari inayojulikana hupati hata pa kuegesha. Kama ningelazimika kukata kitu, ningekata Skye nikabaki Ardnamurchan. Tulizunguka kusini mwake, tukaenda kutokea Kyleakin kwa daraja lililofunguliwa 1995, ambalo tangu mwisho wa 2004 halina malipo. Mama alikuwa ameshashika mkoba tayari kushuka. Nilipomwambia hakuna feri hapa, tunapita juu tu, alirudisha mkoba miguuni akasema basi safari imekwisha, nimpeleke Glasgow akapike.