Siku moja na stoo ya mwalimu, South B, Nairobi

Nikisema kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, swali linalofuata ni lile lile: "Kwani hawawezi kufagia wenyewe?" Kufagia ni kazi ya mama fua, na naiheshimu sana kwa sababu ndiyo iliyonilisha kabla ya hii. Mimi huitwa pale ufagio unapokosa pa kupita. Nakaa na mwenye nyumba, tunashika kitu kimoja kimoja, mpaka aamue kama kinabaki au kinaondoka. Kuamua huko kunachosha kuliko kubeba magunia, na hakuna anayeamini mpaka yamfike.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Chai, mkate, halafu natazama begi: magunia matupu, glavu, barakoa, selotepu, kalamu nene ya kuandikia katoni. Kabla ya saa kumi na mbili nimepanda matatu Kayole, maana ukichelewa kidogo tu Jogoo Road inakula asubuhi yako yote.

Saa mbili niko South B. Mteja wa leo ni mwalimu mstaafu. Aliyenipigia ni binti yake, anayetaka stoo iwe chumba cha mjukuu anayeanza chuo. Nilimwambia kwenye simu ninachomwambia kila mtu: sitoi kitu cha mama yako akiwa hayupo. Akigundua kimoja kimetolewa kisirisiri, cha pili hataniruhusu hata kukigusa, na atakuwa na haki.

Tunaanzia jikoni kwa makusudi, kwa sababu huko watu huamua haraka na kupata mazoezi. Mikebe bila vifuniko, vifuniko bila mikebe, chupa za chai zilizopasuka ndani: vyote vinawekwa sakafuni pamoja, kila jamii na yenzake. Mtu akiziona chupa zake za chai zimesimama mstari mmoja, huwa sina haja ya kusema neno.

Chini ya sinki tukakuta majuala, ile mifuko ya plastiki. Yale ya kabla ya marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017, yaliyoleta faini ya hadi shilingi milioni 4. Mwalimu alikuwa ameyakunja moja moja pembetatu ndogo, kama sambusa, na kuyapanga ndani ya kopo la Kimbo. "Hayapatikani tena haya," akaniambia. Nikachukua moja, nikalikunjua taratibu. Lilikuwa limeshakauka, likamegekea mkononi mwangu na kuacha vumbi jeupe kwenye glavu. Akaliangalia kidogo, akanisogezea kopo lote.

Mitungi ya maji sikuigusa. Nimeona mashauri mengi ya kupanga nyumba yanayosema chombo usichotumia kila siku kitoke. Nairobi maji huja kwa zamu, na siku yanapokatika mitungi ile mitupu ndiyo itakayokuokoa. Kazi yangu ikawa kuipatia pembe yake tu. Dawa nazo zilikwenda kando: kulikuwa na chupa za antibiotiki za watoto zilizobaki nusu, na ile ya unga ikishachanganywa na maji haidumu zaidi ya wiki moja au mbili. Haimwagwi kwenye sinki wala chooni. Naipeleka kwa duka la dawa linalokubali kuipokea.

Saa nne tukafungua stoo, na hapo ndipo saa zilipoanza kupotea.

Ilikuwa vitabu hadi darini. Vya 8-4-4, mtaala wa zamani, darasa la kwanza hadi la nane, na marundo ya karatasi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, zilizofungwa kwa kamba ya katani. Mtihani huo ulianza 1985 na wa mwisho ukafanywa 2023. Mtaala umebadilika, na vitabu vile vya msingi hakuna mzazi anayevitafuta. Mwalimu anayajua hayo kuliko mimi. Lakini anafungua kimoja, anaona mwandiko wake pembeni, anaanza kunisomea.

"Mwalimu, hiki nacho?"

"Hicho wacha. Nitakipeleka nyumbani Krismasi."

Krismasi ndiyo neno gumu kuliko yote katika kazi hii. Kila nyumba ya Nairobi ina rundo la vitu vya kupelekwa ushago: godoro, sufuria kubwa, redio isiyoshika stesheni. Na si uchoyo. Waliolelewa katika uhaba hawawezi kutupa kitu ambacho kuna mtu, mahali fulani, angekitumia. Kwa hiyo mimi humuuliza mwenye kitu: utampa nani, kwa jina? Jina likitoka, tunaliandika kwenye katoni. Lisipotoka, tunanyamaza kidogo, halafu yeye mwenyewe huamua.

Saa saba tulikula ugali na sukuma tumekaa juu ya katoni. Magunia ya karatasi na chuma chakavu yalikuwa mlangoni, na mwenye mkokoteni alikuwa ameahidi saa nane. Saa nane ikapita. Nikampigia, akasema yuko njiani. Tisa, yuko njiani. Kadiri magunia yalivyokaa pale ndivyo mwalimu alivyoyazunguka, na nilipotoka kunawa nikamkuta amefungua mawili. Vitabu vilikuwa vimerudi rafuni.

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kulia. Mgongo unauma, pua imejaa vumbi la kuvu la mvua za Machi na Aprili, na kazi ya saa tatu imerudi nyuma. Nikakaa chini karibu naye. Sikumnyang'anya. Tukavipitia tena, na safari hii akachagua katoni moja ya vitabu vyenye mwandiko wake, vingine akaviinua mwenyewe na kuvirudisha guniani. "Hivi viende," akasema, akafunga kamba kwa mkono wake.

Mkokoteni ukafika giza likikaribia. Karatasi na chuma vikapimwa kwa kilo, pesa akapewa mwalimu. Simu za zamani na chaja nilibeba mimi. Utawala kuna kituo kinachopokea taka za umeme.

Binti akatuma malipo kwa M-Pesa akauliza kwa nini sikumaliza siku moja. Nikamweleza kwamba nalipisha kwa siku, silipishi kwa gunia, na nitaendelea hivyo. Anayelipwa kwa gunia atamharakisha mama yako. Kesho narudi: rafu ya juu bado, na mwalimu ameshaniambia nisije kabla ya saa tatu, anataka kwanza kupiga simu kwa wale ambao majina yao yako kwenye katoni.