Katuni yangu ya fisi na kisima: wiki ya tisa

Imekwisha, angalau kwa maana kwamba sasa ina mwanzo na mwisho. Dakika 2 na sekunde 40, picha 12 kwa kila sekunde. Yaani picha 1,920 za wanyama wa karatasi, nilizopiga mojamoja kwa simu iliyofungwa kamba kwenye stuli, nikiwasogeza kidogo kila mara. Jumamosi niliwaita watoto sita wa jirani na mpwa wangu, nikakaa nyuma yao na daftari.

Midomo imenipa raha. Nilikata vinywa saba vya karatasi: vitano vya a, e, i, o, u, kimoja kilichofumbwa kwa m, b na p, na kimoja chenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Basi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo hivyo saba vinatosha kumfanya fisi aseme lolote. Aliposema "Jamani, njaa inaniua," mpwa wangu akamjibu, "Nenda kale basi!" Pale nilijipongeza kimoyomoyo.

Kisha fisi akatumbukia kisimani, na hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kichekesho chenyewe! Usiku nilihesabu: tangu akanyage ukingo mpaka atoweke ni picha 6, nusu sekunde. Watoto walikuwa bado wanamtazama sungura upande wa pili. Mmoja akauliza, "Fisi kaenda wapi?"

Walichocheka mpaka wakagaragara ni sikio la fisi, lililobanduka gundi katikati ya hadithi nami sikuliona hata wakati wa kuhariri.

Kuna pia ukuta unaopepesa. Nilipiga karibu na dirisha, kila wingu likipita simu inajirekebishia mwanga yenyewe. Kosa la uvivu tu, sina la kujitetea.

Narudia kisima chote. Safari hii sungura anatoka kwanza kwenye picha, halafu fisi anabaki hewani kwa picha 10, miguu ikichapa kama anaendesha baiskeli, macho yametutazama sisi. Ndipo aanguke kwa zile 6 za awali. Miguu mipya ya manila nimeshakata, pazia limefungwa, taa ya meza iko tayari.

Na sikio silibandiki tena. Fisi atatumbukia, lenyewe libaki juu likishuka polepole kama jani.