Mgeni hana mtani

Ukisema ughaibuni, watu wanafikiria ndege, theluji na simu za usiku wa manane. Mimi niliondoka Mombasa alfajiri kwa basi, nikavuka mpaka pale Taveta na Holili, na kabla ya Isha nilikuwa Tengeru, nje kidogo ya Arusha kwenye barabara ya Moshi, nyumbani kwa mume wangu. Kiswahili ndicho kile kile, saa ndiyo ile ile, ugali ndio ule ule. Lakini pasipoti imegongwa muhuri, na kibali nilicho nacho ni cha mke aliyemfuata mume: naruhusiwa kukaa, siruhusiwi kufanya kazi. Anayedhani huo si ughaibuni hajawahi kushinda nyumbani siku nzima, mwezi baada ya mwezi, na vyeti vyake vimelala kabatini.

Mimi ni mhasibu. Kwetu nilikuwa nikishika vitabu vya kampuni ya kusafirisha mizigo bandarini, kazi ya kelele na simu na malori ya kwenda Kampala na Kigali, na niliipenda. Arusha nayo haina uhaba wa ofisi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo mjini, kampuni za utalii zimejaa, mashirika yamejaa. Barua nimeandika, usaili nimeitwa, lakini tukifika kwenye uraia mazungumzo yanapoa. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri aniombee kibali, aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na aeleze ujuzi wangu utarithishwa vipi kwa mwenyeji. Sina ugomvi na hilo, hata kwetu mgeni hapewi kazi hivi hivi. Vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, kwa hiyo cheti changu kinaeleweka. Kinachokwama ni kibali. Nayataja haya mapema kwa ajili ya yule anayejiandaa kumfuata mume au mke nchi jirani: Soko la Pamoja lilianza 2010, lakini kibali cha kazi bado kinaombwa, na anayekiomba ni mwajiri. Uje ukilijua hilo.

Kati ya barua na barua, nafuma.

Kroshia nilifundishwa na mama mdogo, Kisauni, nikiwa bado msichana wa shule. Tulifuma vitambaa vya viti, vya meza, vya kufunikia redio. Nilipofika huku nikakuta sebule za Tengeru ni zile zile: makochi yamevalishwa vitambaa vyeupe, runinga ina chake, hata jagi la maji lina kifuniko chenye shanga pembeni. Kwa hiyo sikuja na ufundi mpya. Nilichokuja kukifanya mimi ni vituko, na vilitokana na jambo lililonisumbua kuliko hata kukosa kazi. Jambo lenyewe ni heshima.

Majirani walinipokea vizuri mno. Karibu Mkenya, kaa kwenye kiti, wacha hiyo sufuria, chukua mkungu huu wa ndizi upeleke nyumbani. Nikiwasogelea wanawake wanaocheka, kicheko kinakatika, naulizwa habari za Mombasa. Huwezi kuishi na watu wanaokuheshimu tu. Mtu wako ni yule anayeweza kukutania: bibi na mjukuu, babu na mjukuu, mashemeji, mawifi, mabinamu. Makabila nayo yana watani wao. Huku Kaskazini Mchaga na Mpare hawapiti bila kurushiana maneno, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Hata msibani mtani ana kazi yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu wakati wafiwa wanalia. Mgeni hana mtani. Anaamkiwa, anakaribishwa chai, anasindikizwa hadi barabarani, na anarudi kwake hajataniwa na mtu.

Nilianzia ndani ya familia, kwa kuwa huko utani tayari una njia yake. Bibi yake mume wangu humwita mjukuu wake "mume wangu", na tangu siku ya kwanza mimi ni mke mwenzake. Kila nikienda kumwamkia ananishtaki mbele ya watu kwamba nimemnyang'anya mume. Basi nikaamua kumfumia wa kwake.

Kichwa kilianza na vifundo sita ndani ya kitanzi. Mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, kila mzunguko sita zaidi, mpaka lile bapa likatosha kuwa utosi. Hapo unaacha kuongeza, na ukuta unajikunja wenyewe na kushuka kuwa uso, kisha unapunguza sita sita hadi shingoni. Wajapani ndio waliousambaza mtindo huu wa vinyago, wanauita amigurumi, na siri yake ni kutumia sindano nyembamba kuliko uzi unavyotaka ili vifundo vibanane na kilichojazwa ndani kisichungulie nje. Mimi najaza sufi ya mito, ambayo ni nyepesi na yenye kuteleza, kwa hiyo ukilegeza mkono kidogo tu itakutoka. Upara ulikuwa rahisi. Kitambi ndicho kilichonipa kazi, kwa sababu cha mume wangu kiko mbele peke yake. Ukiongeza vifundo mzunguko mzima unapata pipa. Inabidi nyongeza zote uzirundike upande wa mbele na mgongo uuache ushuke wima, halafu ukifika chini uzipunguze pale pale ulipoziongezea. Nikamvalisha fulana ya kijani na njano ya Yanga, nikamfunga kwenye kanga, nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umeniletea nini?"

"Kila siku unasema nimekuchukulia mume. Leo nimekuletea wako."

Alimfungua polepole. Akamgeuza, akamshika upara, akambonyeza kitambi kwa kidole gumba. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akanisogelea kama anayetaka siri.

"Wako anakoroma?"

"Anakoroma, bibi."

"Huyu wangu hakoromi. Nimekushinda."

Mpaka leo yule mwanasesere analala kitandani kwake, upande wa ukutani, na wageni wakija wanatambulishwa kwake kwa heshima zote.

Wa pili alikuwa shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye ni dereva wa bodaboda. Yeye nilimfumia mshikaki: kijiti chenye abiria watatu waliobanana, mama mwenye kikapu, mwanafunzi mwenye begi na mzee mwenye kofia, na katikati yao kipande cha kitunguu na kipande cha hoho. Ameutundika kwenye kioo cha pikipiki. Kijiweni kwao kila dereva sasa anamwuliza kama kitunguu nacho kinalipa nauli. Baba mkwe sikumgusa. Yeye nilimfumia kofia ya kijivu ya sufu, nzuri, ya kuvaa miezi ya baridi ya Juni na Julai, bila kituko chochote. Naona wanaoingia kwenye ufundi huu wakimchekesha kila mtu, na siafiki. Zawadi ya kuchekesha inafuata njia za utani: kuna wa kutaniwa na kuna wa kupewa kofia. Na hata kwa wa kutaniwa, ugonjwa wa mtu au umaskini wake haufumwi. Kitambi cha mume wangu nilikifuma kwa kuwa mwenyewe hukipigapiga mbele za watu akisema ni mtaji.

Nje ya familia ndiko nilikoogopa. Jirani yetu wa mkono wa kushoto, Mchaga wa Marangu aliyeolewa huku, ana jogoo anayewika saa nane za usiku chini ya dirisha langu. Ningeweza kulalamika, na tungebaki majirani wa salamu tu maisha yetu yote. Nikamfumia jogoo aliyelala: macho yamefumbwa, upanga mwekundu umelalia upande mmoja, kofia ya kulalia kichwani, na mto mdogo chini ya shavu. Upanga ule niliufumua na kuufuma tena hadi ukakubali kulala bila kuonekana umenyauka. Nikampelekea nikamwambia, "Mama, huyu ni mwalimu wa yule wako." Akanyamaza. Nikaona nimevuka mstari. Kisha akaita watoto wote wa uani, akamsimamisha yule wa uzi mbele ya yule wa kweli na kuanza kumsomea somo kwa sauti ya mwalimu mkuu: usiku tunalala, alfajiri tunawika, umesikia? Jogoo mwenyewe hajabadilika. Jirani ndiye aliyebadilika. Wiki ile ile alinipigia kelele kutoka kwenye mgomba wake, watu wakisikia: "Mkenya! Zile barua zako za kazi ungezifuma kwa uzi wangezijibu!" Nilicheka nikiwa nimesimama na ndoo mkononi. Nje ya familia hakuna aliyekuwa amenitania tangu nihamie, na hapo nilijua nimefika.

Uzi naupata kwenye gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Uzi mpya wa dukani una bei, na mtu asiye na mshahara hauwezi, kwa hiyo nanunua masweta ya mitumba na kuyafumua. Hapa kuna ujuzi ambao ningependa kila mfumaji aujue. Usitazame rangi kwanza. Geuza sweta ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Ukikuta imekatwa na kupigwa ovaloku, ule mshono wa mashine unaozunguka ukingo wa kitambaa, liache hata likiwa zuri vipi, kwa sababu kitambaa kilikatwa kwa mkasi na ukifumua utapata vipande vifupi vifupi. Unalitaka lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha kikaunganishwa kwa mshono kama mnyororo. Huo ukipata ncha yake unavutika wote kwa mkupuo mmoja. Anza kufumua kutoka ulipoishia ufumaji, yaani mabegani na shingoni, na uzi utakuja bila kukatika. Utakuja umejikunjakunja; uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya vuguvugu, kisha uanike ukiwa umening'inizwa kitu kizito chini, mimi hutumia chupa ya maji. Ukikauka unakuwa umenyooka. Wauza mitumba wamenizoea. Wengine wananiwekea masweta yaliyotoboka viwiko, ambayo hayana mnunuzi, na kwangu tobo la kiwiko si kitu.

Tengeru, kwa njia, imezoea wageni wanaosubiri. Kuanzia 1942 walikaa hapa wakimbizi wa Poland, karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, mpaka baada ya vita. Makaburi yao yapo na yanatunzwa. Nimekwenda kuyaona, nikasoma majina, nikawaombea.

Kila anayeona kazi yangu ananiambia niuze. Watalii wamejaa Arusha, unakaa na dhahabu mkononi! Nawaelewa, maana wananitakia mema. Lakini Julai 2025 Serikali ilitoa amri yenye orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na humo mna maduka ya vitu vya kumbukumbu na viwanda vidogo, pamoja na saluni, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na kuongoza watalii. Kibali changu nacho hakiniruhusu. Kwa hiyo siuzi hata kimoja, na sitafuti mlango wa uani. Wifi yangu ni raia. Nimemfundisha, naye anauza vya kwake mwenyewe, na bei tumebishana sana. Alitaka kuuza kama bidhaa za kiwandani. Nikamwambia kroshia halisi mpaka leo haina mashine. Kila kipande unachokiona, hata kilichotundikwa duka la kifahari Ulaya, kimepita kwenye vidole vya mtu, fundo kwa fundo. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, miaka ya 1840, wanawake wa kule walifuma lesi za kroshia wakaziuza, na zipo familia zilizopata nauli ya kuhama kwa uzi huo. Kazi iliyolipa nauli ya kuvuka bahari haiwezi kuuzwa kwa bei ya soksi. Amepandisha bei, na wanunuzi hawajamkimbia.

Mume wangu aliniuliza kama vituko hivi havinipotezei muda wa kutafuta kazi. Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba mtu anayetuma barua na kukaa akitazama simu anafika kwenye usaili akiwa amekwisha. Mimi nafika nimetoka kucheka na watu, na mikono yangu imemaliza kitu. Mwajiri mmoja ameniita mara ya pili na kutamka mwenyewe kwamba yuko tayari kuomba kibali. Nasubiri jibu.

Wakati huo huo jirani wa jogoo amenipa agizo. Kaka yake anaoa Mpare, na anataka kumkabidhi wifi mpya pochi kubwa ya kroshia yenye zipu ambayo imeshonwa isifunguke, maana Mpare hutaniwa kuwa bahili. Nimekubali kuifuma, ila nimemwambia ataikabidhi mwenyewe, kwa sababu utani wa Wachaga na Wapare ni wao, na mimi wangu ndio kwanza umeanza. Zipu nimeshanunua. Uzi wa kahawia sijapata wa kutosha, kwa hiyo Jumamosi nitashuka gulioni mapema, kabla masweta mazito hayajachukuliwa na watu wa Usa River.