Jinsi ninavyotunga na kurekodi muziki wa metali (metal) nikiwa peke yangu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, wewe mbona mtu mpole tu afu nyimbo zako zinatisha hivyo, hizo hasira unazitoa wapi. Kiukweli sitegemei hasira kabisa. Ukitunga kwa hasira unapata sekunde chache za kelele afu unakwama, hujui pa kwenda. Mi kinachonianzishia wimbo karibu kila mara ni mdundo wa kitu cha kawaida, mashine ya kufulia ikizungusha nguo zilizokaa upande mmoja, jenereta linalotaka kuzima, yaani mdundo wowote unaochechemea. Ukininasa nauimba kwa mdomo hapohapo, dugu dugu dum, kimya, dugu dum, narekodi kwenye simu. Nina rekodi za hivyo kibao na nyingine nikizisikiliza naona aibu mwenyewe lakini ndo hazina yangu.

Gitaa nalishika baadaye, tena kwa makusudi. Vidole vina mazoea bana, ukianza na gitaa vinakimbilia palepale vilipozoea na unajikuta umetunga rifu ileile, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, kwa mara nyingine. Mdomo hauna mazoea hayo. Ndo nikisharidhika na mdundo naanza kutafuta noti, na kwenye metali noti hazihitaji kuwa nyingi. Toka kwenye noti ya chini kabisa ruka kwenda juu hatua sita za nusu, mfano E kwenda B flati (Bb), tayari kuna kitu cha kutisha, ule ndo umbali bendi ya metali ya Black Sabbath walioutumia kuanzisha albamu yao ya kwanza ya 1970 na mpaka leo haujachuja. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatika ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyepesi, na kufika albamu ya tatu 1971 walikuwa wanalegeza nyuzi, yaani kushusha tuni, hatua tatu za nusu kwenye baadhi ya nyimbo. Huwa nawakumbusha hilo wanaolalamika kwamba hawana vifaa.

Mi natuni C G C F A D kuanzia uzi mnene, uzi wa chini unafika kama Hz 65 (mitetemo 65 kwa sekunde), sasa hapo nyuzi nyembamba zinalegea kama mlenda na kila ukipiga kwa nguvu noti inapanda juu afu inashuka, kwa hiyo seti yangu uzi mnene ni 56 (unene wa inchi 0.056). Nabadilisha nyuzi kabla ya kurekodi, nazivuta vuta mpaka zitulie, na naangalia tuni kila baada ya kupiga kipande. Inachosha ndiyo, ila gitaa ambalo tuni imeyumba kidogo tu hakuna plagini (programu ya kubadilisha sauti kwenye kompyuta) itakayoliokoa ukishaweka distosheni, ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa.

Kurekodi naanza na ngoma, nazipanga kwenye kompyuta kwa sababu sina mpiga ngoma wala nafasi ya kuweka drams. Hapa ndo natumia muda mwingi kuliko watu wanavyodhani. Ukiacha kila pigo la sneya, ile ngoma kali ya katikati, lina nguvu sawasawa msikilizaji anajua ni mashine hata kama hawezi kukueleza kwa nini, kwa hiyo napunguza mkono wa kushoto kidogo kwenye blasti biti (mipigo ya ngoma ya kasi sana mfululizo), mafungu ya haraka nayashusha nguvu maana hata binadamu akikimbiza mpigo wa 220 kwa dakika hawezi kupiga kwa nguvu zote, na najiuliza kila mara huyu mtu ana mikono mingapi, maana ukipanga ovyo unajikuta umempa mitatu.

Gitaa linaingia kwenye intafesi, kifaa kinachounganisha gitaa na kompyuta, likiwa kavu bila distosheni, biti 24, kilele cha sauti kisizidi dB −12 hivi. Sauti ya amplifaya nasikia tu kwenye hedfoni kupitia plagini lakini kinachohifadhiwa ni ile kavu, nikibadili mawazo mwezi ujao nabadilisha amplifaya bila kupiga upya. Rifu kila moja napiga mara mbili, moja naipeleka kushoto kabisa nyingine kulia kabisa. Usikopi! Ukikopi ileile ukaweka pande zote mbili inarudi katikati, imeongezeka sauti tu, upana wote unatoka kwenye tofauti ndogo ndogo za mikono yako. Na gaini, yaani kiwango cha distosheni, punguza mpaka uone kama umepunguza sana, maana zikishakuwa mbili distosheni inajumlika na ile kuzima nyuzi kwa kiganja inakuwa tope, husikii pale kimya kinapoanza. Na kwangu mimi kile kimya ndo rifu yenyewe.

Uzito ambao watu wanadhani ni wa gitaa mara nyingi ni besi. Gitaa nalikata chini ya Hz 80 hivi, likiwa peke yake linasikika jembamba kweli, unaweza kukata tamaa, ila besi ikiingia na distosheni yake kidogo kila kitu kinakaa mahali pake.

Sauti ya kunguruma narekodi mwisho, muda mfupi kila siku. Siitoi kwa kukaza koo, ni pumzi ya tumboni na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ikianza kuuma naacha siku hiyo, sibembelezi. Maneno ninaandika Kiswahili na kina faida yake, karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo naupanga mstari uishie kwenye A au O ili mngurumo ufunguke, I inabana sana naiweka katikati inapopita haraka. Ninachoandikia ni vitu vidogo tu, kusubiri majibu hospitali, deni, ndugu aliyeacha kupiga simu. Mapepo na mafuvu wapo wanaoyaandika vizuri kuliko mimi.

Miksi sina siri, nasikiliza kwa sauti ya chini, kama rifu haisikiki vizuri kwa sauti ya chini basi tatizo ni mpangilio, narudi kufuta kitu. Wimbo ninaoufanyia kazi saa hizi kipande cha mwisho kina ngoma na besi tu, magitaa niliyapiga nikayazima kuona inakuwaje, na nadhani yatabaki yamezimwa.