Jinsi nilivyoondoa maji yaliyotuama uani

Kila iliponyesha mvua kubwa, maji yalikuwa yakituama nyuma ya nyumba yangu, kati ya ukuta na miti michanga niliyoipanda, na dimbwi hilo lilichukua siku kadhaa kukauka. Majani ya miti yalianza kugeuka manjano, kwa kuwa mizizi iliyozama majini hukosa hewa hata kama mbolea ipo tele. Karibu kila niliyemuuliza alinishauri nichimbe mtaro mara moja. Niliona heri nijue kwanza maji yale yanatoka wapi na yataishia wapi, kwa sababu mtaro usio na mwisho unaoeleweka huhamisha dimbwi tu kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Nilianza na paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikidondoka juu ya mita 1 ya mraba huwa lita 1 ya maji, hivyo paa la mita za mraba 100 hukusanya lita 3,000 katika mvua ya milimita 30. Maji yote ya paa langu yalishuka kwa bomba moja lililoishia chini ya ukuta, pale pale penye dimbwi. Niliunganisha bomba zima, lisilo na matundu, nikayapeleka maji hayo moja kwa moja hadi sehemu ya chini kabisa ya uwanja. Ninaamini nyua nyingi zenye tatizo kama langu zingepata nafuu kubwa kwa hatua hii peke yake, ila kwa bahati mbaya watu hutazama chini na kusahau kutazama juu.

Baada ya hapo niliupima udongo wenyewe. Nilichimba shimo la kina na upana wa takriban sentimita 30, nikalijaza maji na kuyaacha yanywee, kisha nikalijaza tena na kusimamisha rula ndani yake. Udongo unaopitisha maji vizuri hupunguza kina cha maji kwa sentimita 2.5 au zaidi kwa saa. Wangu haukufika hapo. Nilipoufinyanga kwa vidole ulijiviringisha kama uzi bila kukatika, dalili ya mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno na nafasi zilizo kati yake hupitisha maji polepole sana. Jibu hilo lilinifanya niache wazo la kuchimba shimo la kunywesha maji, maana katika mfinyanzi shimo la namna hiyo hujaa na kubaki limejaa.

Nilichagua mfereji wa kokoto uliofukiwa, ambao Henry Flagg French, mwanasheria na mkulima wa Marekani, aliueneza kwa maandishi yake ya mwaka 1859 kuhusu kutoa maji mashambani. Sehemu ngumu ilikuwa kupata mteremko, kwa kuwa jicho hudanganya kwenye ardhi inayokaribia kuwa tambarare. Nilitumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikaujaza maji, nikaugongagonga mpaka viputo vya hewa vyote vikatoka, kisha ncha moja nikaifunga kwenye kijiti upande wa nyumba na nyingine kwenye kijiti cha mbali. Maji yalipoacha kuyumba, nilitia alama usawa wake kwenye vijiti vyote viwili. Alama hizo zilikuwa levo moja. Kutoka hapo niliupa mfereji mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, nikinyoosha uzi na kupima kina chini yake kila baada ya hatua chache.

Uchimbaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia zaidi ya maumivu ya mgongo. Nilitandika kitambaa cha kuchujia ndani ya mfereji, nikamwaga tabaka la kokoto zilizooshwa, nikalaza bomba lenye matundu, kisha nikalifunika kwa kokoto zaidi na kukunja kitambaa juu yake kabla ya kurudisha udongo. Matundu niliyaelekeza chini. Watu wengi hubisha kuhusu jambo hili, lakini maji ndani ya mfereji hupanda kutoka chini, na matundu yakiwa juu ni lazima kokoto zijae kwanza ndipo bomba lianze kazi. Kitambaa nacho si cha kuruka ili kubana matumizi: bila hicho tope laini huingia kati ya kokoto na kuziba mfereji.

Mfereji uliishia kwenye ukingo wenye nyasi ndani ya mpaka wangu, ambapo maji hutawanyika kabla ya kufika kwa jirani. Nilizungumza naye kabla ya kuchimba, kwa kuwa ugomvi wa maji huanza upesi na huchelewa kwisha.

Mvua kubwa iliyofuata ilitoa maji yenye tope kidogo kwenye mdomo wa bomba, kisha yakawa safi, na kesho yake niliweza kutembea uani bila kuzama. Pembe moja iliyokanyagwa sana bado hubaki laini. Hiyo nimeilima na kuichanganya na mboji. Kazi iliyobaki ni kufyeka nyasi kwenye mdomo wa bomba na kuondoa majani kwenye mifereji ya paa kabla ya kila msimu wa mvua.