Mafuta ya Nazi ya Mama Hayajayeyuka Tangu Juni

Mafuta haya aliyapika mama mwenyewe, nyumbani Ngamiani, Tanga. Akayatia kwenye chupa ya maji, akaifunga mdomo kwa nailoni isije ikavuja kwenye basi, nami nikaja nayo hapa Pangani. Pangani ya Nairobi nasema, si ile ya kwetu ya mdomoni mwa mto. Yaliingia chumbani yakiwa maji. Wiki haikuisha yakawa meupe pee, magumu kama mshumaa. Sasa nikitaka kupaka nywele sharti nichemshe maji, niitumbukize chupa kwenye sufuria, nisubiri, kisha nimimine kile kidogo kilichoachia pembeni.

Leo tunamaliza Agosti na jiwe ni jiwe.

Mama mboga wa kona yetu ananihurumia sana. "Nyinyi watu wa Coast hamwezi hii baridi. Vaa kitu nzito." Ananiita wa Coast ingawa nimetoka ng'ambo ya mpaka, na silikatai, maana bahari ni moja. Ila kuna jambo moja nalikataa kila mara, kwake na kwa wengine ninaofanya nao kazi: wanaamini kwetu ni joto tu mwaka mzima, Januari sawa na Agosti. Hapana. Kwetu kuna kipupwe, majira ya baridi.

Masika yakishapita, mwezi wa Juni, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inashika njia na mji unabadilika. Usiku wa Agosti Tanga unashuka hadi nyuzi 20 hivi, mchana 28. Mtu wa Nairobi akisikia 20 anaona ni siku ya kwenda kutembea. Lakini aje aamke alfajiri Ngamiani. Sakafu ya saruji inauma nyayo. Manyunyu ya mchoo, zile mvua ndogo za kipupwe, yamepita usiku, mchanga wa uani umeshikana, na upepo unatoka baharini moja kwa moja bila kizuizi. Wazee wanarudi msikitini wamevaa makoti juu ya kanzu. Mama amejitanda khanga juu ya khanga, anapuliza moto wa chai. Watoto wanaitwa kuoga, hawaitiki.

Na mafuta ya nazi dirishani yameganda, hata huko. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mafuta ya nazi huganda joto likipungua chini ya nyuzi 24 hivi. Kipupwe cha Tanga kinauvuka mpaka huo mara mbili kila siku: alfajiri mafuta yanafunga, mama anaitoa chupa barazani juani, na ikifika saa nne yameshalegea, kwanza ukingoni, halafu kipande cha katikati kinaelea kama barafu mpaka kinapotea. Utotoni nilikuwa nakaa pale nakitazama. Kwetu kipimajoto kilikuwa hicho. Siku mafuta yasipoganda alfajiri, mama husema baridi imekwisha.

Nairobi ya Agosti haiufikii huo mpaka hata mchana. Usiku ni nyuzi 12, mchana 22, na siku nyingine jua halionekani kabisa. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Hilo nililisoma shuleni. Nililokuwa silijui, na lililonigusa nilipolielewa, ni habari ya lile wingu.

Ukungu huu wa kijivu unaokaa juu ya paa zetu tangu Juni umeletwa na kusi. Kusi ile ile. Hewa yake huanzia mbali kusini mwa Bahari Hindi, ambako wakati huo ni majira ya baridi, ikapita juu ya maji ikabeba unyevu. Inayofika Tanga inafika chini, inatikisa minazi na kupoza sakafu. Inayoelekea huku inapanda bara kidogo kidogo, inapanda na kupoa, mpaka unyevu wake unageuka wingu zito linalofunika jua. Miaka miwili ya kwanza nililichukia wingu hilo. Sasa nikifungua dirisha asubuhi najua upepo huu na ule unaompiga mama barazani ni ndugu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi, na kusi ndiyo iliyokuwa kalenda yake. Alitufundisha kwamba jahazi la Arabuni au Bara Hindi huondoka ama kusi ikiwa changa, ama ikishazeeka, mwezi wa Agosti, lakini katikati yake, Juni na Julai, hakuna mwenye akili anayetweka tanga kwenda mbali. Mpaka leo Julai ngalawa hazitoki sana, samaki wanapanda bei, watu wanakula kunde na mchicha. Agosti ikielekea ukingoni bahari inaanza kutulia. Inaingia demani. Mtu wa pwani akilitamka neno hilo, uso wake unalainika.

Ndugu zangu mnaokuja huku kwa mara ya kwanza majira haya, nunueni sweta zito la mtumba na blanketi kabla ya kitu kingine. Na tafadhali sana, msilale na jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, inamchukua mtu usingizini.

Kingine kinachonisaidia ni machungwa. Mama mboga anauza yale ya ngozi ya kijani, anayaita ya Tanzania, nami nayajua ni ya kwetu Muheza, nusu saa au zaidi kidogo kutoka mjini. Nalimenya moja taratibu, mafuta ya ganda yanarukia vidoleni, na kwa muda huo mdogo niko stendi ya Muheza.

Jana jioni nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi ya huko inasemaje?"

"Mafuta yako bado jiwe, mama."

Akanyamaza kidogo. "Ya huku leo hayakuganda. Kusi imelegea. Juzi wavuvi pale Deep Sea wameshusha samaki, changu na tasi, mpaka bei ikaanguka."

Nilimwomba aiweke simu barazani bila kukata. Akaiweka juu ya kile kiti chake cha kamba. Nilisikia kuku, baiskeli ikapita na kengele yake, halafu makuti ya mnazi wa uani yakisuguana, taratibu, si kwa kishindo kile cha Julai.