Mwamba Uliokauka Juu Tu

"Mama, mvua si imeisha? Tupande basi."

Jumamosi pale Lukenya, kilima cha mawe karibu na Nairobi, mwanangu alikuwa ameshavaa viatu, na mawe bado yanameremeta kwa manyunyu. Tulingoja upepo ukaushe, tukapanda. Mwamba wa Lukenya ni mgumu. Ukikauka juu, umekauka. Lakini swali lake lilinirudisha Ujerumani, enzi zangu za Dresden, kwenye asubuhi moja tuliyofika chini ya mnara wa mawe tukageuka.

Tulichukua treni inayofuata mto Elbe hadi Bad Schandau, tukavuka kwa kivuko, tukaingia msituni kuelekea Schrammsteine, safu ya minara ya mawe. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, ila kulikucha kweupe. Mzee aliyetuongoza alining'iniza begani rundo la tanzi zenye mafundo. Kule kabari za chuma za kushikia kamba ufani haziruhusiwi. Unatia fundo kwenye ufa, unalisukuma kwa kijiti mpaka likamate, kwa sababu chuma kikivutwa na uzito wa mtu anayeanguka hukwangua kingo za ufa, na ufa ukishapanuka haurudi ulivyokuwa. Unga mweupe wa kukaushia viganja nao ni marufuku. Mpanda miamba Rudolf Fehrmann aliziandika kanuni za msingi mwaka 1913, na wenyeji bado wanazishika katika minara yao zaidi ya 1,100.

Mzee hakufungua hata mkoba. Alipiga magoti mahali mwamba unapokutana na ardhi, akafukua mchanga kwa vidole. Juu ulikuwa mweupe, unamwagika. Kina cha kidole tu, ukawa wa kahawia, umeshikamana. Akasimama, akaniambia niweke kiganja ukutani. Ulikuwa mkavu, tena wa vuguvugu, maana jua lilikuwa limeshaupiga. Ningeapa kwamba unafaa kupandwa. Kisha akanionyesha ukingo mwembamba, wa kutosha ncha za vidole viwili, akausugua kwa dole gumba mara moja, polepole. Alipogeuza dole, chembe zilikuwa zimejaa kwenye ngozi yake kama sukari iliyoingia unyevu.

"Leo hapana," alisema.

Jiwe lile ni mchanga wa bahari ya zama za dinosaria, chembe kwa chembe, zimeshikana kwa gundi haba. Maji yakiingia, mshikamano hulegea. Na uso hukauka kwanza, ndani bado kumelowa, ndipo jicho linapodanganyika.

Tulikuwa tunakunja vitu vijana wawili wakafika. Walikuwa wameendesha gari usiku kucha. Mzee aliwaonyesha lile shimo la mchanga, akawaeleza yote kwa upole. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakafunga kamba. Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia mlio mkavu, halafu ukelele. Kamba ilimdaka yule wa mbele penye pete ya chuma iliyokwisha kupachikwa mwambani, hakuumia. Ila ukutani, katikati ya weusi wa miaka na miaka, palikuwa na doa la njano, pana kama kiganja, na mshiko haupo tena.

Nilikasirika mno, na hasira hiyo sijaiacha. Kusafiri mbali hakumpi mtu haki ya kuvunja kisichoota. Nilitaka mzee awakemee mbele ya watu. Yeye alirudi, akamwuliza kijana kama mkono wake ni mzima, akampa maji, basi. Sijui kama upole ule ulitosha. Walikuwa wameambiwa na wakapanda. Labda ukali ungewazuia, labda ungewatia ubishi zaidi.

Mwaka uliofuata nilimkuta chini ya mnara mwingine, amepiga magoti anafukua mchanga, kundi la wageni limemzunguka. Maneno yalikuwa yale yale, sauti ile ile. Wale waligeuka, isipokuwa mmoja aliyebaki nyuma akibishana naye mpaka mchana.